Sumaku za Jumanne

"Ukiingia, inama. Usijitetee," Kuwabara, mkuu wa kitengo, alimwambia Tamaki mlangoni kwa mteja huku akirekebisha tai yake.

Tamaki alikuwa amekumbatia boksi la halua ya maharagwe, ile nzito ambayo kwao hupelekwa kuombea radhi.

Kiwandani kwao, unga wa metali, laini kuliko poda ya mtoto, humiminwa kwenye mashine ya kushindilia. Kabla haujashindiliwa, swichi ya nguvu ya sumaku huwashwa, na nguvu hiyo huzigeuza chembe zote zielekee upande mmoja. Jumanne swichi haikuwashwa. Sumaku mia nne zilipochomwa zikatoka tanurini zikiwa na nguvu hafifu, na mwenye zamu alikuwa Tamaki.

"Sikumbuki kuisahau, bosi," alisema alipoitwa.

"Kwa hiyo ilijizima yenyewe?" Kuwabara alimfokea mbele ya wenzake. Sasa hatima ya kazi yake ya mashine, aliyoisomea miaka mitatu, ilikuwa mikononi mwa mteja.

Mteja mwenyewe, Bwana Hirose, alizimwaga sumaku mezani. "Mota zangu zinazunguka kama zimelewa! Kazi gani hii?"

Wote wawili wakainama. Kuwabara aliinama zaidi, paji la uso likikaribia meza. Mtu mzima, miaka ishirini na sita kiwandani, leo kichwa chini kwa mteja! Masikio yalimwaka. Aliona aibu mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Nani alikuwa kwenye mashine?" Hirose akauliza.

Kuwabara alibaki ameinama, macho mezani.

"Mimi," Tamaki akasema. "Nisamehe, mzee wangu."

Hirose alimtazama yeye, kisha bosi aliyekuwa bado ameinama. "Una bahati, binti. Wakubwa wengine wangekutuma peke yako." Akashusha pumzi. "Haya, leteni nyingine Ijumaa. Ila huyu asiiguse tena mashine."

"Sawa," Kuwabara akajibu.

Ndani ya treni ya kurudi Kuwabara hakuthubutu kumtazama Tamaki. "Nitakutafutia nafasi stoo. Si kubaya kule."

"Asante, bosi."

Vituo viwili mbele, Tamaki akamgeukia.

"Jumanne, uliponishikia mashine niende kula, niligeuka mlangoni nikakuona ukizima swichi, saa yako isiharibike kwa sumaku, nikaamini utaiwasha tena," alisema taratibu. "Nilidhani leo, mzee akiuliza, utasema mwenyewe."