Kinyonga na Kelele za Kanga

Kinyonga alimkosea Kanga, Mungu amsamehe. Walilinda pamoja mayai ya Bata: Kinyonga akimtambua mwizi alimfinya Kanga, naye Kanga alipiga kelele mpaka Mbwa aje. Siku moja Kinyonga akamfukuza mwenzake. "Nenda zako! Mlinzi ni mimi, wewe kelele tu."

Mara Kenge akaingia.

"Mwizi!" Kinyonga akanong'ona, maana ndiyo sauti aliyojaliwa.

"Sikusikii, mzee," Kenge akajibu, yai mdomoni.

Kinyonga akajikongoja hadi kwa Kanga. "Dada, nisamehe. Mwizi!"

"Yuko wapi? Mbona simwoni?"

Kinyonga akamng'ata mguu. Kanga akapiga yowe, Mbwa akaja mbio, Kenge akatema yai akakimbia.

Hata kwenye uso wa seli zinazotulinda mwilini, Mola ameweka jozi hiyo: anayemtambua mdudu wa maradhi hana sauti, na mwenzake aliye ubavuni ndiye apigaye kelele ya kuiamsha seli. Nakuomba, mwenzako wa zamu usimfukuze.