Njia Panda ya Majengo

Pankrasi alikuwa akiendesha gari la bibi harusi kutoka Mshangano, riboni zikipepea kwenye boneti, alipohisi mkono ukimshika begani kutoka siti ya nyuma.

"Kaka, chupa imepasuka," bibi harusi alinong'ona.

Mimba ilikuwa ya miezi saba, na gauni lilishonwa pana makusudi ili watu wasijue.

"Jikaze," alisema shangazi yake aliyekaa naye. "Padri anatusubiri. Dereva, twende kanisani."

"Shangazi, mtoto anakuja!"

Kucha za bibi harusi zilizopakwa rangi nyeupe zilizama kwenye bega la Pankrasi, zikalegea, kisha zikazama tena. Mbele yao ilikuwa njia panda ya Majengo: kushoto kanisani, kulia hospitali. Nyuma, msafara wa magari manane ulipiga honi, na kwenye pikapu tarumbeta zilikuwa zimepamba moto.

"Kushoto!" shangazi alifoka.

Pankrasi aliwasha indiketa ya kulia, akakata kona. Alipotupa jicho kwenye kioo, aliona pikapu ya tarumbeta nayo inakata kulia, na magari yote yanamfuata, watu wakiimba kwa nguvu.