Mizunguko Elfu Saba

Kikombe cha chai kilianza kutembea chenyewe juu ya meza, kikafika ukingoni, kikaanguka. Najiat aliizima mashine kabla sahani nayo haijafuata.

"Puli yako imepinda," alimwambia Festo.

Festo, fundi wa kukereza vyuma aliyepakana naye pale Isevya, aliichomoa ile puli, gurudumu la mkanda alilolikereza ili kuiongezea mashine mwendo, akaiviringisha sakafuni, akaona inavyoyumba. Hakubisha. Alirudi karakanani kwake kukereza nyingine.

Ilikuwa Jumatano. Ijumaa mchana mbao nne za mninga zilitakiwa ziwe tayari, zimechongwa mizabibu yenye majani na vikonyo vyembamba kama uzi. Mashine ya Najiat ilikuwa ndogo, ya kukaa mezani, inayoongozwa na kompyuta. Aliinunua mkononi kwa mtu wa Mwanza. Mistari minene iliichonga bila shida. Taabu ilikuwa kile kisu kidogo, chembamba kuliko njiti ya kiberiti. Kikizunguka mara elfu tatu kwa dakika hakikati ubao, kinaukwaruza tu, na kila jani linaota manyoya kama kifaranga.

Mteja aliitwa Paskazia, na Najiat hakuwahi kumwona. Mwaka mzima alikuwa akituma michoro kwa simu, kisha bodaboda anakuja kuchukua mzigo. Hakuwa na makuu. Alichotaka ni mbao zisipakwe mafuta, na nyuma zisigongwe muhuri wa duka. Lakini safari hii alipiga mwenyewe. Alisema kwa upole kwamba ubao wa majaribio haukupita. Mwenye kazi ameupapasa kwa kidole, akasema haufai. Ikishindikana na Ijumaa, basi tena.

Kazi za Paskazia ndizo zilizofanya duka liwe wazi bado. Wateja wengine waliingia, wakasifia, kisha wakaaga kwamba wanapitia kwanza kwa Mzee Damas, kwa sababu kazi yake ni ya mkono.

Tabora nzima ilimjua Mzee Damas. Milango ya nyumba kubwa, altare, makasha ya maharusi hadi Nzega na Urambo, vyote vilitoka kwenye patasi yake. Mwaka juzi, siku ya maonyesho, alisimama mbele ya meza ya Najiat, mikono mfukoni, akaitazama mashine kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Halafu akawaambia waliomzunguka kwamba hiyo inakwangua, haichongi. Watu walicheka. Najiat naye alicheka, ila maneno yale alirudi nayo nyumbani.

Puli mpya ilifika Alhamisi asubuhi. Hiyo kubwa ilikaa upande wa mota, mkanda ukaiunganisha na ndogo upande wa kisu, ili mota ikizunguka mara moja, kisu kizunguke mara mbili na nusu. Festo alionya kwamba beringi zile zimezoea mwendo wa kistaarabu; ukizikurupusha zitaungua. Najiat akazisafisha grisi nzito, akazipaka nyepesi kidogo tu, akapandisha mwendo polepole. Elfu nne, robo saa, kiganja juu ya chuma. Elfu tano. Kwenye elfu sita kiganja hakikuvumilia. Alizima, akaenda kuswali adhuhuri, akala, akarudi chuma kikiwa kimepoa.

Kwenye elfu saba muungurumo uligeuka mluzi. Mama muuza dagaa ng'ambo ya barabara alifunika masikio kwa khanga, lakini meza ilitulia kabisa.

Jani la kwanza liliungua, likawa jeusi. Najiat alikaa akaliangalia, hata akataka kuirudisha puli ya zamani. Ndipo alipoelewa: kisu kinazunguka kwa kasi mpya lakini kinatembea kwa mwendo ule ule wa zamani, kinasimama mno mahali pamoja. Akakiharakisha. Vumbi jekundu la mninga likaruka, na lilipotua, jani lilikuwa safi, na mishipa yake yote ilihesabika.

"Sasa Mzee Damas aje aseme tena," alisema, ingawa karakana haikuwa na mtu.

Ijumaa hakutaka bodaboda. Alimwambia Paskazia kwamba anahofia mashimo ya njiani. Kweli aliyahofia, ila zaidi alitaka kumwona huyo mwenye kazi na kidole chake. Paskazia akamwelekeza: njia ya Kipalapala, geti la buluu, afike kabla ya saa nane.

Alikwenda kwa bajaji, mbao zimefungwa ndani ya shuka mapajani. Geti lilifunguliwa na mwanamke wa makamo, sauti ile ile ya simu, akampitisha uani hadi kwenye chumba kilichonuka mafuta ya mbao.

"Baba, amefika," Paskazia alisema.

Mzee alikuwa ameketi, ameupa mlango mgongo. Najiat aliamkia, mzee akaitikia marahaba bila kugeuka. Binti yake akamwekea ubao mmoja magotini. Mkono wake wa kulia ulitetemeka vibaya mno, hata kidole kikalikosa jani mara mbili ndipo kikalipata. Kikafuata ukingo wake wote, kikashuka kwenye kikonyo, kikapanda tena.

"Umeongeza mwendo," alisema, akageuka.

Alikuwa Mzee Damas.

Mara geti likagongwa.

"Tokea mlango wa nyuma, mwanangu," mzee alisema. "Hao ni watu wa kanisa, wamekuja kuona nimefikia wapi na mizabibu yao."