Jina Kutoka Kwenye Ndoo

Katika mashindano ya shule hakuna aliyempanda farasi aliyemzoea. Kila mwanafunzi alichota jina la farasi kwenye ndoo. Zaituni alifungua karatasi yake. Radi. Ndiye aliyemwangusha Mwanaidi mwaka uliopita, na Mwanaidi hakutembea tena.

"Mwalimu, nibadilishie."

"Kura haibadilishwi, mwanangu. Ukijitoa, timu nzima imetoka."

Zaituni alivaa kofia ngumu, lakini vidole vilivyotetemeka vilishindwa kufunga kamba ya kidevuni. Mwanaidi akasogea na kiti chake cha magurudumu, akamwinamisha, akamfungia.

"Akilaza masikio, usivute hatamu. Mlegezee."

Zaituni akapanda. Lango likafunguliwa. Alihisi farasi naye anatetemeka chini yake. Kisha masikio yakalala, na vidole vyake, bila kumuuliza, vikaanza kuvuta.