Muhanga Aamua Ugomvi wa Vichuguu

Zamani za mchwa wenye majivuno, mkuu wa kichuguu cha Mrefuni, Bwana Tambo, hakupata usingizi kwa sababu ya kichuguu jirani cha Mpanani.

"Mji gani ule, umelala kama chapati!" alifoka.

"Heri chapati kuliko kijiti," wakajibu Mpanani.

Basi wakamwita Muhanga, mnyama mwenye adabu zake, awaamulie mji upi ni bora.

"Siamui kwa macho, wanangu," alisema Muhanga. "Mimi huonja."

Akaanzia Mrefuni. Akapenyeza ulimi, akawalamba raia wote, akashiba, akaenda zake kulala.

Tambo, aliyesalia peke yake, akakimbilia Mpanani akishangilia: "Mmeona? Kwetu kamaliza, kwenu hata hakugusa!"

Mpanani wakanuna. Kulipokucha wakatuma mjumbe: "Mzee Muhanga, na sisi je?"