Ungo wa Mama

Tangu kila nyumba iwekewe sikio ukutani, la kutambua hali ya moyo wa mwenye nyumba na kumtajia, Wakesho wa Voi analipwa kwa kuzipa majina sauti zinazonaswa na masikio hayo: furaha, huzuni, hasira. Haambiwi ni sauti za nani. Anachojua ni kwamba jibu lako likipishana na la wengi, kazi ya siku nzima imekwenda bure, hata uwe sahihi namna gani.

Leo, chai ikiwa jikoni, alisikia katika sauti mojawapo mwanamke akipeta mchele huku akivumisha wimbo, mdomo kaufumba. Alipomaliza, akagonga ukingo wa ungo kwa pete, mara mbili.

Wakesho akaiacha chai ifurike. Mama huyo! Asubuhi ya kumzika baba, Mama alipeta mchele wa matanga wote akivumisha wimbo huohuo, asije akalia mbele za watu.

Akabonyeza huzuni. Kioo cha simu kikageuka kuwa chekundu: wengi wamesema furaha. Akampigia Mama simu kule Wundanyi.

"Mama, umeamkaje? Nakuja leo."

"Uache kazi yako kwa ajili gani? Mimi mzima, mwanangu. Asubuhi nilidhani nimeshikwa na majonzi ya baba yenu. Lakini sikio limeniambia ni furaha. Nikaona basi, labda mimi ndiye niliyekosea."