Ukurasa wa Nduwayezu

Jina la faili moja lilikuwa na mkia tofauti, na Firdausi hakuwa mtu wa kuacha kitu kama hicho kipite.

Mengine yote yaliishia na php. Hili la Nduwayezu liliishia na html. Firdausi alisonya, akavuta kiti karibu. Tangu asubuhi alikuwa akiisafisha tovuti ya mdogo wake Saady, aliyekwenda Kasulu kufuata wino wa mashine ya kopi, na tangu asubuhi alikuwa akimsema moyoni. Huruma anayo, tena nyingi, lakini kazi yake rafu!

Huruma hiyo ndiyo iliyozaa tovuti yenyewe. Mwaka ule wa 2015, watu walipoanza kumiminika kutoka Burundi kupitia Mabamba, wengi walifika Kibondo wakiwa wamepotezana njiani, mama huku, watoto kule. Saady, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi pale sokoni, akaanza kuyaingiza majina yao kwenye kompyuta bila kumtoza mtu. Kila aliyetafutwa akawa na ukurasa wake. Habari ikipatikana, Saady anaiweka kwenye hifadhi ya taarifa, na ndugu akija kufungua ukurasa anaikuta.

Ila ukurasa haujiendei wenyewe kuuliza. Ukiupa mkia wa php, seva, ile kompyuta inayoitoa tovuti, inausoma kwanza, inakwenda kuchungulia kwenye hifadhi kama kuna jipya, kisha inarudi na jibu. Ukiupa mkia wa html, seva inautoa kama ulivyo. Utafunguliwa leo, kesho na mwakani, utasema yaleyale.

Na ukurasa wa Nduwayezu ulisema hivi: *Bado hajapatikana. Tunaendelea kumtafuta.*

Firdausi alimfahamu mama wa Nduwayezu. Aliitwa Immakulata, mwanamke mwembamba aliyekuwa akilima kibarua Kitahana, na kila siku ya soko lazima apite dukani. Wengine walimzonga Saady kwa maswali: nani kamwona, kamwona wapi, alikuwa na nani? Immakulata hakuuliza kitu. Alingoja zamu yake, akaketi, akayasoma maneno yale polepole huku midomo ikitembea. Kisha alishukuru kwa Kirundi, "Urakoze, mwanangu," akajifunga kitenge vizuri na kwenda zake, uso umemlegea kidogo, kama mtu aliyetua mzigo.

Maskini, aliwaza Firdausi. Miezi yote hii anausoma ukurasa ambao haujawahi kuuliza chochote.

Alikumbuka maneno ya Saady alipokuwa akipanda gari. "Dada, badilisha utakavyo, ila ule wa mama Nduwayezu usiuguse." Wakati ule alidhani ni mambo ya vijana, kuona aibu, hataki kosa lake lionekane. Sasa alicheka peke yake. Aliandika upya ukurasa, akaufananisha na wenzake, akaupa mkia wa php na kuufungua.

Mtandao ulijikongoja. Jibu likaja.

*Amefariki. Amezikwa Mabamba.*

Kicheko kilimkauka. Alitazama taarifa ile iliingia lini. Iliingia zamani, juma lilelile tovuti ilipofunguliwa, na aliyeiingiza ni Saady.

Akampigia Saady simu.

"Ulijua?"

"Dada, umeugusa."

"Ulijua mtoto wa watu amekufa, ukamwandikia mama yake kwamba anatafutwa?"

"Urudishe mkia wake kama ulivyokuwa. Nakuomba. Na akija usimwambie neno, ngoja nirudi nikueleze..."

"Unieleze nini? Mama anaamka gizani, anatembea kutoka Kitahana kuja kusoma uongo wako! Huna hata haya, Saady?"

Alikata simu kabla hajajibiwa. Machozi yalimtoka, ya hasira na ya huruma kwa pamoja. Yeye mwenyewe alikuwa na mtoto wa kiume, amemwacha kwa bibi yake Kasulu, na hakutaka hata kufikiria. Alijua jambo moja tu: mama ana haki ya kujua mwanawe amelala wapi. Ana haki ya kumlilia, kumwombea misa, kuweka hata jiwe. Kama Saady alikosa ujasiri wa kusema, basi atasema yeye, na leo ni siku ya soko.

Immakulata alifika jua likiwa limeshapanda, miguu imejaa vumbi jekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Saady hayupo?"

"Yupo Kasulu." Firdausi alikuwa amezima kioo cha kompyuta. Alimsogezea kiti, akaketi naye, magoti yakigusana. Maneno aliyokuwa ameyapanga yote yakamkimbia. "Mama, ule ukurasa wako ulikuwa na kosa. Haukuwa ukiuliza. Leo nimeurekebisha."

Immakulata alikitazama kioo cheusi, kisha akamtazama yeye. Rangi ilimtoka usoni.

"Umeurekebisha?"

"Ndiyo, mama. Na Nduwayezu..." Akainama, akalia waziwazi mbele ya mtu aliyetaka kumfariji.

Akahisi mkono mgumu wa jembe ukimshika bega.

"Hora, mwanangu. Hora, usilie," Immakulata alisema taratibu. "Mimi ndiye niliyemzika, na Saady nilimwambia mwenyewe. Kisha nikamwomba aniachie mahali pamoja tu ambapo mtoto wangu bado anatafutwa."